Swali la Rafiki: Wazee wa Kariakoo, Waislamu na Wakristo, 1929–1985

1. Utangulizi

Wanafunzi wa historia ya Kanisa nchini Tanzania wamezoea kuusoma uhusiano wa Wakristo na Waislamu katika nyaraka za wamisionari, katika matamko ya maaskofu na katika sheria za serikali. Nyaraka hizo ni za lazima, lakini zina upungufu mmoja. Zinaonyesha dini ikizungumza na dini. Ni mara chache zinapoonyesha mtu akizungumza na jirani yake. Makala hii inakusudia kuutazama uhusiano huo mahali pengine, yaani katika baraza za nyumba za Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, ambako watu wa dini mbili walikaa pamoja, wakaanzisha vyama pamoja, wakazeeka pamoja, na hatimaye wakakosana juu ya jambo zito.

Hoja yetu ni hii. Urafiki wa wazee hao ulikuwa wa kweli, na taifa letu lina deni kwake. Hata hivyo, mwaka 1958 mmoja wao, Sheikh Suleiman Takadir, aliuliza swali ambalo marafiki zake hawakuweza kulibeba. Tukiusifu urafiki ule bila kulikumbuka swali lile, tutakuwa tumesimulia nusu ya historia. Tukilikumbuka swali na kuusahau urafiki, tutakuwa tumesimulia nusu nyingine, nayo ni ya hatari zaidi. Mchungaji anayetumwa leo kuhudumu katika usharika wa mjini hana budi kuzijua nusu zote mbili.

2. Mji, nyumba na baraza

Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916. Katika uwanda uliokuwa magharibi ya mji waliweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Baada ya vita eneo hilo likawa makazi ya Waafrika, likitengwa na sehemu ya Wahindi kwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Nao Wazungu walikaa upande wa bahari. Kwa hiyo Kariakoo ilizaliwa kutokana na ubaguzi. Lakini ubaguzi huo ulikuwa na matokeo ambayo watawala hawakuyakusudia: uliwaweka Waafrika wa kila kabila na kila dini katika mitaa ileile, kuzunguka soko moja.

Mji ulikua kwa kasi. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu takriban 69,000. Ile ya mwaka 1957 ilihesabu zaidi ya 128,000. Wageni hawa walipokelewa katika nyumba ya Kiswahili, ambayo ujenzi wake unastahili kuangaliwa na mwanahistoria. Ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani kuna jiko na choo vinavyotumiwa na wote. Mbele, kando ya mlango, iko baraza. Mara nyingi mwenye nyumba alikuwa Mwislamu aliyezaliwa mjini au aliyekaa mjini miaka mingi. Wapangaji walitoka pande zote za nchi, na miongoni mwao walikuwamo makarani na walimu waliobatizwa huko bara. Hivyo Mwislamu na Mkristo hawakukutana kwanza katika mjadala. Walikutana uani, asubuhi, kila mmoja na ndoo yake ya maji.

Jioni wanaume walikaa barazani. Palikuwa na kahawa chungu, kashata, bao, na habari za mji. Ugomvi wa mke na mume uliamuliwa hapo, na habari za msiba zilitangazwa hapo. Tena katika misiba palikuwa na nguvu nyingine iliyovuka mipaka ya dini, nayo ni utani. Mnyamwezi ni mtani wa Mzaramo, na mtani ana haki na wajibu wake katika mazishi ya mtani wake. Wajibu huo hauulizi kwanza kama marehemu alikuwa wa msikiti au wa kanisa. Vyama vya mpira navyo vilifanya kazi kama hiyo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Sunderland, iliyoanzishwa mwaka 1936 na ambayo baadaye iliitwa Simba, ziliwagawa watu wa Kariakoo kwa rangi za jezi, si kwa dini.

Inafaa kusisitiza kwamba mambo haya hayakuondoa tofauti za imani. Mwislamu aliendelea kwenda msikitini, na Mkristo kanisani. Urafiki wa baraza haukujengwa juu ya kudhani kwamba dini zote ni sawa. Ulijengwa juu ya kujua, kwa mazoea ya miaka mingi, kwamba mtu huyu ataamka usiku nikimgongea mlango.

3. Kleist Sykes, Cecil Matola na chama cha mwaka 1929

Mfano wa kwanza wa urafiki huu kuzaa chombo cha umma ni African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu Myao aliyelelewa katika Uanglikana wa misheni ya UMCA. Katibu wake alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu, mzaliwa wa Pangani, ambaye baba yake Mzulu alikuja nchini pamoja na jeshi la Wissmann. Pamoja nao walikuwamo Waislamu kama Mzee bin Sudi na Wakristo kama Rawson Watts.

Kleist mwenyewe aliacha kumbukumbu zake, na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia kuandika wasifu wake uliochapishwa mwaka 1973. Humo tunaona kwamba wazo la kuwaunganisha Waafrika lilitiwa nguvu na mazungumzo yake ya mwaka 1924 na Dk. James Aggrey wa Gold Coast, aliyefika nchini pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Aggrey alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Kwa hiyo chama ambacho baadaye kilizaa TANU kilipandwa, kwa sehemu, na neno la mchungaji Mkristo katika moyo wa Mwislamu, na rais wake wa kwanza akawa mwalimu wa misheni. Ni ukweli ambao haujulikani sana makanisani, wala misikitini.

Lakini Kleist huyohuyo, mwaka 1933, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya, chama cha Waislamu ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kujenga shule. Je, alikuwa amewageuka rafiki zake Wakristo? Hapana. Alikuwa ameona jambo ambalo kila mzazi Mwislamu wa Kariakoo aliliona. Sehemu kubwa ya shule nchini zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu alilazimika kuchagua kati ya elimu ya mwanawe na imani ya mwanawe. Mzee bin Sudi alipata kuviongoza vyama vyote viwili. Mtu mmoja aliweza kukaa na Wakristo katika chama cha Waafrika, na kukaa na Waislamu wenzake katika chama cha shule, bila kuona kwamba mikono yake miwili inapingana.

Hapa ndipo tunapoona chanzo cha swali lililokuja kuulizwa baadaye. Marafiki walikaa baraza moja, lakini watoto wao hawakukaa darasa moja.

4. Wazee na Mwalimu kijana, 1953–1958

Mwezi Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglo, chama hicho, wakati huo kikiitwa TAA, kilimchagua Julius Nyerere kuwa rais wake. Nyerere alikuwa Mkatoliki, mwalimu wa shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mwenye umri wa miaka 31, mgeni mjini. Alichukua nafasi iliyokuwa mikononi mwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaanzishwa katika nyumba ya chama iliyokuwa New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Miongoni mwa waanzilishi 17 walikuwamo Waislamu kama Abdulwahid na Ally Sykes, Dossa Aziz, Tewa Said Tewa na Saadani Abdu Kandoro. Na Wakristo kama John Rupia, Germano Pacha, Patrick Kunambi na Joseph Kimalando. Alikuwamo pia Kirilo Japhet kutoka Meru, nchi ambayo Injili ilipelekwa na wamisionari Walutheri wa Leipzig, na wawili wao wakauawa huko mwaka 1896. Msomaji wa jarida hili atakumbuka kwamba 1954 ndio mwaka ambao chuo cha theolojia cha Walutheri kilihamia Makumira kutoka Lwandai.

Chama cha vijana wasomi kisingeweza kuuvuta mji bila wazee. Ndipo likaundwa Baraza la Wazee la TANU, na mwenyekiti wake akawa Sheikh Suleiman Takadir. Wengi wa wazee hao walikuwa Waislamu: watu wa soko, wenye nyumba, masheikh, wenye heshima katika mitaa yao. Katika mikutano ya Mnazi Mmoja Sheikh Takadir alipanda jukwaani pamoja na Nyerere na kumtambulisha kwa watu ambao wasingekuwa na sababu ya kumwamini Mkristo asiye mwenyeji. Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo, anakumbukwa kwa jinsi alivyoisaidia nyumba ya Nyerere kwa chakula baada ya Mwalimu kuacha kazi ya ualimu mwezi Machi 1955. Upande wa Wakristo, John Rupia, mfanyabiashara aliyekuwa makamu wa rais wa TANU, alikitegemeza chama kwa mali yake.

Tuangalie vema kilichofanyika. Wazee Waislamu walimchukua kijana Mkatoliki, wakamlisha, wakamwombea dua na kumdhamini mbele ya umma. Hawakumtaka asilimu. Hawakumtaka afiche msalaba wake. Kwa lugha ya theolojia tungesema walimpokea mgeni. Na mgeni aliyepokelewa hivyo huwa na deni ambalo halilipwi kwa fedha.

5. Swali la mwaka 1958

Mwezi Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikutana Tabora kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria chini ya utaratibu wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuwachagua wajumbe watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Tena, ili mtu aandikishwe kupiga kura, alitakiwa kuwa na kiwango fulani cha elimu, au cha kipato, au cheo kinachotambuliwa. Baada ya mabishano makali TANU iliamua kushiriki, na kwa kushiriki ikashinda.

Lakini masharti hayo yalikuwa na maana nyingine kwa mzee wa Kariakoo. Aliyekuwa na elimu alikuwa, mara nyingi, mtoto wa shule ya misheni. Waliojaza uwanja wa Mnazi Mmoja, wengi wao hawakuwa na vyeti. Sheikh Takadir alilitamka wazi lile ambalo wengine walilinong'ona: je, Uhuru ukija, vyeo vyote havitakwenda kwa Wakristo kwa kuwa ndio waliosoma? Na je, Nyerere mwenyewe hatawapendelea watu wa dini yake?

Jibu halikuchelewa. Takadir alifukuzwa katika TANU. Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyakusanya Mohamed Said katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka mwaka 1998, mzee huyo alitengwa hata na majirani na wateja wake. Waliomtenga hawakuwa Wakristo tu. Walikuwa hasa Waislamu wenzake, wazee wa baraza lake mwenyewe, walioona kwamba amempiga mshale rafiki yao na kuhatarisha umoja ambao mkoloni angefurahi kuuona ukivunjika.

Tukio hili linaweza kusomwa kwa namna mbili, na zote mbili zina ukweli. Kwa namna ya kwanza, ni ushahidi mkubwa wa nguvu ya urafiki. Wazee Waislamu walipotakiwa kuchagua kati ya mshikamano wa dini na uaminifu kwa rafiki wa dini nyingine, walimchagua rafiki. Muda si mrefu chama kilichoitwa All-Muslim National Union of Tanganyika kilipotaka Uhuru usubiri hadi Waislamu wafikie wenzao kielimu, Waislamu wengi walikikataa. Nchi nyingi zilizopata uhuru katika miaka ile hazikuwa na bahati ya wazee wa namna hii.

Kwa namna ya pili, ni ushahidi wa udhaifu wa urafiki huohuo. Sheikh Takadir alikuwa na sehemu mbili katika maneno yake. Sehemu moja ilikuwa shutuma juu ya moyo wa mtu, nayo iliumiza. Sehemu nyingine ilikuwa swali juu ya shule na vyeo, nalo lilikuwa swali la haki. Shutuma ilijibiwa, na swali likafukuzwa pamoja na muulizaji. Lakini swali la haki halifi kwa kufukuzwa. Hutoka mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa uani.

6. Swali linarudi

Serikali yenyewe ilikiri, kwa matendo, kwamba swali lilikuwa la kweli. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni zilitaifishwa, na mojawapo ya makusudio lilikuwa kuwafungulia mlango watoto wa dini zote. Mwaka uliotangulia, 1968, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilikuwa imepigwa marufuku na BAKWATA kuundwa. Na Sheikh Hassan bin Amir, mwanachuoni aliyeitumikia TANU tangu mwanzo, alirudishwa Zanzibar. Mwezi Februari 1992 serikali na makanisa, kwa njia ya Jumuiya ya Kikristo na Baraza la Maaskofu Katoliki, walitia sahihi makubaliano juu ya huduma za elimu na afya. Waislamu wengi waliyasoma makubaliano hayo kwa macho ya Sheikh Takadir. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam, mwaka 1998 watu waliuawa katika machafuko ya Mwembechai, na Oktoba 2012 makanisa yalishambuliwa Mbagala. Si haki kusema kwamba mambo haya yote yana chanzo kimoja. Lakini ni haki kusema kwamba yaliwakuta watu ambao hawakuwa tena na baraza ya kuyazungumzia.

Upande wa urafiki nao haukukatika. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 Mzee Mshume Kiyate alimvisha Mwalimu kitambi, ishara ya kwamba wazee wako pamoja naye. Mwalimu alipoitangazia nchi vita dhidi ya Idi Amin, tarehe 2 Novemba 1978, alisema na Wazee wa Dar es Salaam. Na alipokuwa akiondoka madarakani, tarehe 5 Novemba 1985, aliwaaga haohao katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, akiwakumbuka waliompokea miaka ya 1950. Desturi ya Rais kusema na taifa kwa kusema na wazee wa mji iliendelea baada yake. Wanasiasa wengi huiona kama sherehe tu. Asili yake ni deni la mgeni kwa wenyeji wake.

7. Fundisho kwa Kanisa

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma juu ya manung'uniko katika Kanisa la kwanza. Wayahudi wa Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wangeweza kujibu kwamba manung'uniko yanavunja umoja. Wangeweza kuwatenga walionung'unika, kwa hoja kwamba adui yuko mlangoni. Na kweli alikuwapo. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano, wakaligeuza lalamiko kuwa kazi, na watu saba waliochaguliwa wana majina ya Kiyunani. Yaani meza ilikabidhiwa kwa upande uliolalamika. Mara nyingi sura hii huhubiriwa kama habari ya asili ya ushemasi. Ni habari pia ya jinsi umoja unavyookolewa kwa kulisikiliza swali badala ya kumfukuza muulizaji.

Tusijifanye kwamba Walutheri walikuwa watazamaji katika historia hii. Shule zilizowainua makarani na walimu wa Uhuru zilikuwa pia shule zetu, na tunamshukuru Mungu kwa hizo. Lakini kile ambacho kwetu ni shukrani, kwa jirani kinaweza kuwa swali, na mtu mzima hukasirishwa na swali kama hilo pale tu asipokuwa na hakika ya jibu lake. Mchungaji akiulizwa na mzee Mwislamu kwa nini watoto wa Kanisa ndio waliotangulia, jibu la kwanza la Kikristo ni kuketi chini na kusikiliza mpaka mwisho.

Aidha, urafiki unahitaji mahali. Katika Kariakoo ya leo nyumba nyingi za Kiswahili zimebomolewa na maghorofa yamesimama badala yake. Na ghorofa halina baraza. Wazee wametawanyika kwenda Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto kwa watoto wao. Vyuo vyetu hufundisha somo la Uislamu, na ni jambo jema. Lakini mwanafunzi anaweza kulifaulu somo hilo bila kukaa hata jioni moja na sheikh wa mtaa anakofanya mazoezi ya huduma. Usharika wa mjini unaweza kuwa na benchi mbele ya uzio wake. Mchungaji anaweza kwenda msibani kwa jirani Mwislamu na kukaa mkekani hadi watu wanapoondoka, si kwa dakika tano za heshima.

8. Hitimisho

Wazee wa Kariakoo walitufundisha kwamba mtu anaweza kuwa imara katika dini yake na bado akamdhamini mtu wa dini nyingine mbele ya umma. Hilo ni fundisho lao kubwa. Sheikh Takadir, kwa kufukuzwa kwake, alitufundisha lingine: kwamba rafiki ndiye mwenye haki ya kuuliza swali gumu, kwa sababu yeye ndiye aliyetoa. Adui hauulizi mgawanyo wa nyumba, husubiri ianguke.

Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wa historia ya Kanisa wachukue daftari na kwenda kwa wazee waliobaki, Waislamu na Wakristo, kabla masimulizi yao hayajazikwa pamoja nao. Nao wachungaji tunawaomba jambo moja. Siku jirani atakapouliza swali la Sheikh Takadir, pengine kwa sauti ya ukali, wasisikie ukali tu. Wamsikie rafiki anayeuliza kama bado ana nafasi barazani.